Msanii Mahali pa Tukio

Mazungumzo yaliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia





Waandaaji wa semina hii waliponiomba nizungumze juu ya sanaa ya siku hizi, nilidhani wamekosea mtu. Mimi si mchoraji wala mchongaji, na wengi wenu mnanifahamu kwa mambo ya mashauri ya ardhi na ya watu walio mahabusu. Lakini mada niliyopewa ilikuwa na sehemu ya pili: sanaa ikitazamwa kwa jicho la mpelelezi. Hapo nikakubali, na sababu ya kukubali kwangu ni shati.

Shati hilo lilikuwa la kijana aliyekufa miaka mingi iliyopita katika parokia ambayo mimi nilikuwa katibu wa kamati yake. Alikamatwa jioni akiwa mzima, na asubuhi ndugu zake wakaambiwa waende kuchukua maiti. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba alianguka alipojaribu kukimbia. Mama yake akarudishiwa nguo. Shati lile hakulifua. Alilikunja, akalitia katika mfuko wa karatasi, akalificha ndani ya sanduku chini ya kanga zake. Tulipokwenda kumfariji, sisi wanakamati tulimshauri alichome moto ili moyo wake upate kutulia. Tulisema kwa nia njema. Yeye alitutazama kitambo, kisha akauliza, "Nikilifua, nani atasema?"

Ilinichukua miaka kutambua kwamba katika chumba kile alikuwamo mpelelezi mmoja tu, naye hakuwa mjumbe wa kamati yetu.

Neno ambalo watu wa Ulaya hulitumia kwa kazi ya kuchunguza ushahidi wa jinai, forensiki, asili yake ni Kilatini. Linatokana na forum, uwanja wa katikati ya mji wa Roma, palipokuwa soko, baraza na mahakama kwa pamoja. Kwa maana yake ya kwanza, basi, ni jambo la barazani. Kazi hiyo ina nusu mbili: kukisoma kitu kisicho na kinywa, kama mfupa, ukuta au tone la damu, na kisha kukisemea mbele ya watu. Nyakati zetu zimeitukuza nusu ya kwanza na kuifungia katika maabara na majalada ya serikali. Nusu ya pili, ile ya baraza, imedhoofika. Wasanii ninaotaka kuwaeleza habari zao leo ni wale walioshika futi na saa wakaenda mahali pa tukio, kisha wakarudi barazani na walichokipata.

Nakiri kwamba sehemu kubwa ya sanaa ya siku hizi hunipita kando. Lakini kazi ya Kassel haikunipita.

Kassel ni mji wa Ujerumani usio mkubwa sana, unaojulikana duniani kwa maonyesho ya sanaa yaitwayo documenta, yaliyoanza mwaka 1955 na ambayo sasa hufanyika kila baada ya miaka mitano. Katika mji huo, tarehe 6 Aprili 2006, kijana wa miaka 21, Halit Yozgat, ambaye wazazi wake walitoka Uturuki, alipigwa risasi mbili za kichwa akiwa nyuma ya meza katika duka la simu na intaneti la familia yake. Baba yake alikuwa anakuja kumpokea zamu. Ndiye aliyemkuta, na kijana akafia mikononi mwake.

Halit alikuwa wa tisa. Tangu mwaka 2000 wanaume wanane, wote wa familia za wahamiaji, wengi wao watu wa kuuza maua, mboga na chakula, au wa kushona nguo, walikuwa wameuawa katika miji mbalimbali ya nchi ile kwa bastola ileile moja. Polisi waliwatafuta wauaji miongoni mwa jamaa za marehemu. Waliuliza juu ya dawa za kulevya, madeni na ugomvi wa kifamilia. Magazeti yakayapa mauaji hayo jina la chakula cha Kituruki kinachouzwa vibandani, kana kwamba waliokufa hawakustahili hata majina yao. Wajane na watoto walizika, kisha wakageuzwa watuhumiwa. Mwezi Mei 2006 familia hizo ziliandamana katika mitaa ya Kassel zikidai asipatikane maiti wa kumi. Hazikuwa na maabara wala kibali cha kusoma jalada lolote, lakini zilikuwa zimekwisha kuliona jambo ambalo wenye vibali hawakuliona: wanaouawa ni watu wa namna moja, basi atafutwe yule anayewachukia watu wa namna hiyo.

Wa kumi alipatikana. Mwaka uliofuata aliuawa askari polisi wa kike. Ukweli ulijitokeza Novemba 2011, ilipofahamika kwamba wauaji walikuwa kikundi cha siri cha Wanazi mamboleo. Familia zilikuwa zimesema kweli kwa miaka mitano na zaidi.

Sasa lisikilizeni jambo lililowavuta wasanii. Siku aliyouawa Halit, afisa mmoja wa idara ya usalama wa ndani ya jimbo la Hesse alikuwa mteja katika duka lile, amekaa kwenye kompyuta katika chumba cha nyuma. Hakujitokeza kutoa ushahidi. Polisi walimpata kwa kufuata alama alizoziacha katika kompyuta aliyoitumia. Alipoulizwa, alisema hakusikia mlio wowote wa risasi, na kwamba alipotoka aliweka sarafu juu ya meza wala hakumwona mtu aliyelala nyuma ya meza hiyo. Alichunguzwa, akaachwa, na mahakama ya Munich iliyosikiliza kesi ya kikundi kile iliyakubali maelezo yake. Baba wa Halit aliwaomba majaji waende wenyewe dukani, wasimame pale aliposimama afisa, watazame chini. Majaji hawakwenda.

Watu waliokuwa wakiandaa baraza la wananchi juu ya mauaji hayo, lililokutana Cologne mwezi Mei 2017, wakaomba msaada wa kundi liitwalo Forensic Architecture. Kundi hilo liko katika Chuo cha Goldsmiths cha London, na lilianzishwa mwaka 2010 na msanifu majengo Eyal Weizman. Ndani yake mna wasanifu majengo, wasanii, watengenezaji filamu, waandishi wa habari na wanasheria. Walianzia kwenye nyaraka za polisi zilizokuwa zimevuja: ripoti, picha, kumbukumbu za simu na kompyuta, pamoja na filamu fupi ambayo polisi walimrekodi afisa yule akirudia kuonyesha jinsi alivyoinuka, akatembea, akalipa na kutoka. Kisha, Machi 2017, walijenga mjini Berlin, ndani ya jumba la sanaa, mfano wa duka lile kwa vipimo vyake halisi. Majaji walikataa kwenda dukani. Basi wasanii wakalijenga duka upya ili wapate kuingia.

Ndani ya mfano huo walipima mambo matatu, na kila moja linalingana na kiungo cha mwili: sikio, pua na jicho. Walitaka kujua mlio wa bastola ya aina ile, yenye kiwambo cha kupunguza sauti, ungefika kwa nguvu gani pale alipokaa afisa. Wakachunguza jinsi moshi wa baruti ungetawanyika chumbani na ungekaa muda gani. Wakampa mtu mwenye urefu kama wa afisa njia ileile ya kupita, wakatazama nini kingeingia katika macho yake alipokuwa akiweka sarafu. Kazi hiyo ikaitwa kwa vipimo vyake vyenyewe: mita za mraba 77, dakika 9 na sekunde 26, yaani ukubwa wa mahali na urefu wa muda ambamo jambo lote lilitendeka.

Hawakusema kwamba afisa ndiye aliyeua. Walisema kwamba, kama alikuwamo risasi zilipopigwa, basi hakuna namna ya kawaida ambayo mwanadamu mwenye viungo vizima angekaa pale asisikie, asinuse, na akipita asione. Katika maonyesho ya documenta ya mwaka 2017 kazi hiyo iliwekwa Kassel kwenyewe, katika jengo lililokuwa posta kuu. Watu waliotoka mbali kutazama sanaa walikuta pazia lenye saa inayohesabu sekunde, ramani ya chumba, na mistari ya kuonyesha njia ya sauti.

Je, hiyo ni sanaa? Nimegundua kwamba swali hilo huulizwa kwa haraka zaidi na yule ambaye angependa tusifike kwenye swali la pili, yaani, je, ni kweli? Mwenye kusema "hii ni sanaa tu" anataka kuiondoa mahakamani. Na mwenye kusema "hii si sanaa" anataka kuiondoa ukumbini. Ikiisha kuondolewa kote kuwili, hapabaki baraza. Wakati huohuo, idara ya usalama ya Hesse ilikuwa imeiwekea ripoti yake ya ndani, iliyogusa mambo hayo, muhuri wa siri wa miaka 120. Fikirini kidogo: miaka 120! Hata mjukuu wa Halit, kama angepata kuzaliwa, asingeisoma. Baada ya malalamiko muda ulipunguzwa hadi miaka 30, na Oktoba 2022 waandishi na wanaharakati wakaitoa hadharani bila kungoja kibali.

Jambo hili halikuanzia London. Tarehe 21 Septemba 1983, katika uwanja wa Plaza de Mayo mjini Buenos Aires, wasanii watatu wa Argentina, pamoja na akina mama wa watu waliopotezwa na utawala wa kijeshi, walitekeleza wazo lao la kuchora vivuli vya watu kwa kimo cha kweli. Wananchi walilala juu ya karatasi, wenzao wakachora mzingo wa miili yao, na karatasi zikabandikwa kwenye kuta za mji. Nyote mmeona katika filamu jinsi polisi wanavyochora kwa chaki mahali alipolala maiti. Akina mama waliijua alama hiyo, kwa hiyo walitaka vivuli visimame wima ukutani, visilale chini, maana walidai watoto wao wakiwa hai kama walivyochukuliwa. Mwaka uliofuata, 1984, vijana wa chuo kikuu wakiongozwa na mtaalamu wa mifupa kutoka Marekani, Clyde Snow, walianza kufukua makaburi yasiyo na majina. Karatasi zilitangulia, koleo likafuata. Sidai kwamba moja lilizaa jingine, lakini uwanja ulikuwa umekwisha kuzoea kuulizwa: yuko wapi?

Kuna ushahidi mwingine ambao hauonekani kabisa. Katika gereza la Saydnaya, kaskazini ya Damascus, wafungwa walifungwa vitambaa machoni au wakawekwa gizani, na walikatazwa kutoa sauti. Hapakuwa na picha za ndani. Mwaka 2016 kundi lilelile la London, pamoja na Amnesty International, lilikutana na watu waliotoka humo wakiwa hai. Msanii Lawrence Abu Hamdan, aliyezaliwa Amman mwaka 1985, aliwahoji kwa masikio. Aliwasikilizisha milio ya milango, ya nyayo, ya vipigo, nao wakamwambia: huu ni mwepesi mno, ule wa kwetu ulikuwa na mwangwi mrefu zaidi. Kutokana na mwangwi wakakisia ukubwa wa vyumba na marefu ya ujia. Kisha akawaomba wanong'one kama walivyokuwa wakinong'ona wakiwa ndani. Akakuta kwamba mnong'ono wa waliofungwa baada ya mwaka 2011 ulikuwa chini ya ule wa waliotangulia kwa desibeli 19. Hofu ilikuwa imepata kipimo. Ripoti ya Amnesty ya Februari 2017 ilikadiria kwamba kati ya watu 5,000 na 13,000 walinyongwa humo kuanzia Septemba 2011 hadi Desemba 2015.

Desemba 2024 utawala ule ulianguka, na milango ikafunguliwa. Watu walimiminika wakitafuta ndugu zao. Nani angewalaumu? Lakini katika pilikapilika hizo nyaraka zilikanyagwa, zikachanwa, zikabebwa na wapita njia, na huenda baadhi yake ndizo zilizokuwa na majina waliyoyatafuta. Naisema habari hiyo hasa kwa ajili yetu, tunaofika mara nyingi mahali pa tukio tukiwa na huruma nyingi na bila daftari.

Sasa nigeukie upande wa hatari, maana si kila anayeshika damu ya marehemu anamheshimu. Huko Mexico yuko msanii, Teresa Margolles, aliyesomea uchunguzi wa maiti na kufanya kazi katika chumba cha maiti cha mji mkuu. Katika maonyesho ya Venice ya mwaka 2009, sakafu za jumba la Mexico zilipigwa deki kila siku kwa maji yaliyochanganywa na damu iliyookotwa mahali walipouawa watu katika vita vya wauza dawa za kulevya. Mtazamaji hakuona kitu; alikanyaga tu. Kazi hiyo naielewa, na hata inanitetemesha. Lakini mwaka 2000 msanii huyohuyo alionyesha ulimi wa kijana aliyeuawa, alioupata kwa mama wa kijana baada ya kuipa familia hiyo maskini jeneza la kumzikia. Wako wanaosema kwamba hilo ndilo lililotufungua macho kuona kuwa maskini hawana hata uwezo wa kuzikana. Mimi nasema maskini huyo aliombwa malipo ambayo tajiri asingeombwa. Ridhaa ya mtu asiye na fedha ya jeneza ina uzito gani? Naliacha swali hilo kwenu, ingawa msimamo wangu mmekwisha kuusikia.

Hapa jirani, Rwanda, yupo aliyekwenda njia nyingine. Alfredo Jaar, mzaliwa wa Chile, alifika huko Agosti 1994, mauaji ya kimbari yakiwa yametoka tu kukoma. Alifika Ntarama, kusini ya Kigali, ambako mwezi Aprili watu waliokimbilia kanisani waliuawa humohumo ndani. Hatuwezi kulipita jina hilo upesi, sisi watu wa Kanisa: mahali pa tukio palikuwa nyumba yetu. Jaar alipiga picha nyingi. Aliporudi aliona kwamba dunia ilikuwa imekwisha kuona picha za maiti wa Rwanda katika magazeti na runinga, na haikuinuka. Basi katika maonyesho ya Chicago ya mwaka 1995 akazifungia picha zake ndani ya masanduku meusi, akayapanga kama makaburi, na juu ya kila kifuniko akaandika maneno ya kueleza kilichomo. Mtazamaji alisoma juu ya picha ambayo hakuruhusiwa kuiona.

Mwaka 1996 akafanya kazi nyingine, iliyopewa jina la mama mmoja aliyenusurika pale Ntarama. Mama huyo alimwona mumewe na wanawe wawili wakikatwa kwa mapanga mbele yake, akatoroka na binti yake, wakajificha katika bwawa la matete kwa majuma matatu. Jaar hakuonyesha maiti hata mmoja. Juu ya meza kubwa yenye taa alirundika vipande vidogo vya filamu milioni moja, na kila kipande, ukikiinua kwenye mwanga, ni macho yaleyale mawili ya mama yule. Ni ushahidi wa shahidi, si wa jeraha. Anayetazama anajikuta yeye ndiye anayetazamwa.

Kanisa la Ntarama sasa ni mahali pa kumbukumbu. Nguo za waliouawa zimehifadhiwa humo. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mama wa parokia yangu ya zamani.

Mwaka huu nilimtembelea. Amezeeka sana, lakini shati bado lipo, katika mfuko wa karatasi. Daktari mmoja aliniambia kwamba hapo pia mama alikuwa ametushinda akili, kwa kuwa nguo yenye damu ikifungwa katika plastiki hushika unyevu ikaoza, bali karatasi huiacha ipumue. Sikwenda kumpa ushauri safari hii. Nilikwenda na vijana wawili wa kamati, kamera, rula na daftari. Tuliomba ruhusa yake kwanza, na tukamwambia kwamba picha hazitatoka nje bila yeye kusema. Tulitandika shuka safi juu ya meza, na yeye mwenyewe akalitandaza shati. Tulipima tundu na madoa, upande wa mbele na wa nyuma, tukaandika tarehe, saa na majina ya waliokuwapo. Baadhi ya madoa yako mgongoni, juu, karibu na mabega, na sina utaalamu wa kuwaambia maana yake. Nimeandika tu mahali yalipo.

Tulipokuwa tunakunja ili kulirudisha mfukoni, mama alimshika mkono kijana mwenye kamera. Akamwomba apige picha moja zaidi, ya kifungo cha pili kutoka juu. Shati ni la buluu, na kifungo hicho kimeshonwa kwa uzi mweupe, kwa sababu jioni ile uzi wa buluu ulikuwa umekwisha nyumbani, na mwanawe alikuwa na haraka ya kutoka.